Viwavi wa Senetwet

Mimi na viwavi hatujawahi kupatana. Mtu aliyeamka asubuhi akakuta mahindi yake yametobolewa na viwavijeshi, na msimu uliofuata akakuta vivyo hivyo, hawezi kuambiwa kwamba kiwavi naye ni kiumbe cha Mungu akatulia. Nimewaponda kwa vidole, nimewamwagia majivu, nimewanyunyizia dawa mpaka mimi mwenyewe nikaumwa na kichwa. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiambia anataka kuwafuga ndani ya nyumba, nilimwambia akaulize kwanza kama kuna nyumba nyingine inayomtaka.

Mjukuu huyo ni mtoto wa binti yangu. Alikuwa gredi ya pili wakati huo, mwembamba, mkaidi, mwenye tabia ya kukukazia macho mpaka ukajikuta unajieleza. Mama yake alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, akaniachia mtoto akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Baba yake ana jamii nyingine huko Kericho, na kwangu hatajwi. Basi tulikuwa wawili tu kwenye boma, mimi na yeye, pamoja na ng'ombe, kuku, na kipande cha majani chai alichoniachia marehemu mume wangu. Jambo lililotukaa rohoni lilikuwa moja, wala halikuhitaji kusemwa kila siku: je, mama yake atarudi? Mimi nilikuwa nikisikia redioni habari za wasichana waliorudishwa ndani ya masanduku. Yeye alijua tu kwamba mkataba una mwisho.

Mwezi wa sita binti yangu alipiga simu akasema mkataba umekwisha na tajiri wake ameahidi kumkatia tiketi. Siku hiyohiyo nilichukua panga nikaenda kwenye ua kukata senetwet. Ni kichaka cha maua ya manjano ambacho kila mama wa Kikipsigis anakijua. Unakausha kijiti chake, unakichoma mpaka kiwe kaa, unalisugua kaa hilo ndani ya kibuyu, kisha unatia maziwa na kufunga. Yakishakaa yanakuwa mursik, maziwa ya kijivu yenye ladha ya moshi. Mtu wetu akitoka mbali hatumpokei kwa soda. Tunamnywesha mursik palepale mlangoni, hata kabla ya kumuuliza habari za njia.

Nilikuwa nimeshainua panga mtoto aliponishika mkono. Kwenye majani palikuwa na viwavi, wa kijani kama jani lenyewe, wenye mstari ubavuni uliojaa vidoadoa vyeusi.

"Kogo," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita nyanya, "ukikata hapa watakula nini?"

Nikamwambia watakula hewa. Akaenda akasimama mbele ya kichaka na kunyoosha mikono yote miwili. Mvua ikaanza, na mimi si mtu wa kubishana na mtoto kwenye mvua, basi tukagawana. Nilichukua vijiti vikavu, yeye akachukua matawi yenye majani pamoja na wadudu wake. Tulipofika nyumbani aliwaweka kwenye beseni langu la kufulia, akawafunika kwa kipande cha neti ya mbu, na mimi nikafua nguo kwenye ndoo tangu siku hiyo.

Sasa nisiseme uongo, walikuwa na mambo yao. Walikula jani kuanzia ukingoni, wakishuka na kupanda, wakishuka na kupanda, mpaka ukabaki mshipa wa katikati. Waliacha vijipunje vyeusi ambavyo mtoto alivifagia kwa kipande cha karatasi bila kuambiwa, yeye ambaye kufagia uwanja ni mpaka nipige kelele. Siku moja majani ya senetwet yalikuwa yamelowa sana, nikawatupia sukuma wiki. Hawakuigusa. Walikaa na njaa yao mpaka mtoto aliporudi kutoka shule akawaletea chakula chao. Hapo niliwaheshimu kidogo. Nikawa nikitoka kuchuma chai, kabla sijatua kikapu, nachungulia ndani ya neti. Mama wa duka, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Kisii kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa na yeye akabaki huku akawa mtu wa kwetu, alisikia habari hizo akanicheka. Aliniuliza hiyo mifugo midogo ninayofuga siku hizi maziwa yake nayapeleka wapi. Nikamwambia nampelekea yeye na hajui. Ndivyo tunavyozungumza.

Jumapili moja binti yangu akapiga simu ya video. Alikuwa amejifungia mahali, nadhani ni stoo, akiongea kwa sauti ya chini. Mtoto hakumsalimia hata vizuri. Alikimbia na simu mpaka kwenye beseni ili mama aone. Mama akaona, au akajifanya ameona. Mtoto akamuuliza anakuja lini. Nikamwona binti yangu akitazama nyuma yake, kisha akasema harakaharaka, "Hao wakipata mabawa, mimi nitakuwa nimefika."

Simu ikakatika. Mtoto akabaki ameishika, anatabasamu. Mtoto ukimwambia "karibuni" anasahau. Ukimwambia "Krismasi" una nafasi ya kujipanga. Lakini huyu sasa alikuwa amepewa ahadi yenye miguu, inayotembea ndani ya beseni, anayoilisha kwa mkono wake mwenyewe. Nilimkasirikia binti yangu sana. Nilimgombeza peke yangu jikoni, na yeye yuko ng'ambo ya bahari, mpaka uji ukafurika ukazima moto.

Baada ya hapo hatukumpata tena. Ukipiga, mteja hapatikani. Ukituma ujumbe, haujibiwi. Nilienda Bomet kwenye ofisi ya wakala aliyempeleka, nikakuta kufuli, na mwenye kibanda cha pembeni akaniambia walihama, hajui walienda wapi. Nilirudi nyumbani nikiwa na maembe niliyonunua ili mtoto asiniulize nilikuwa nimefuata nini. Nilikuwa naogopa. Naogopa kiasi kwamba gari lolote lisilojulikana likipunguza mwendo pale barabarani, nilikuwa naacha nilichoshika na kusubiri kusikia kama litakata kona kuja kwangu.

Viwavi nao hawakuwa na habari na shida zetu. Walinenepa, kisha wakaacha kula, wakaanza kutangatanga. Mmoja alipanda pazia. Mwingine alichagua kitambaa cha kiti nilichofuma mwenyewe, wengine wakabaki kwenye matawi makavu. Kila mmoja alijifunga kiunoni kwa uzi mwembamba akajitundika, akavua ngozi yake, akabaki kifuko cha kijani chenye ncha, huwezi kukitofautisha na jani lililokunjwa. Mtoto akawa anavikagua kabla ya kwenda shule na akirudi. Aliniuliza mbona hawatoki. Nikamwambia ni hii baridi ya Julai inayowachelewesha. Wangekuwa kule chini Ndanai kwenye jua, nikasema, wangekuwa wamesharuka zamani. Nilisema hivyo ili tu aniache nimalize kukamua. Sikujua kwamba maneno hayo ameyaweka.

Kisha mmoja akatoka. Asubuhi tulimkuta kwenye pazia, mweupe mwenye ukijani kidogo, amening'inia chini ya ganda lake tupu akikausha mabawa. Mimi ndiye niliyeshangilia, nikamwita mtoto aje aone. Alikuja, akamtazama. Kisha akatazama mlango. Alitoka nje akaenda mpaka kwenye lango letu la miti, akasimama pale na yunifomu yake, akaangalia njia upande huu na upande ule. Aliporudi aliniambia huyo mmoja hahesabiki, kwa sababu mama alisema "hao" na "hao" ni wote. Nikamwambia ni kweli.

Kesho yake vifuko vyote vilivyobaki havikuwepo. Kwenye pazia hakuna, kwenye kiti hakuna, matawi matupu. Nilimuuliza, akasema wametoka wakaruka. Lakini hapakuwa na maganda, na yeye hakuwa na uso wa mtoto ambaye vipepeo wake wameruka. Nilifikiri paka. Nilifikiri panya. Nikaona labda amewatupa kwa hasira na hataki kuniambia, nikaamua kumwacha, kwa maana mimi pia ningewatupa.

Niliujua ukweli nilipokwenda kununua chumvi. Mama wa duka hakunitania siku hiyo. Alinivuta nyuma ya kaunta, akafungua friji yake, akasogeza soda na paketi za maziwa. Kule nyuma kulikuwa na mkebe wangu wa plastiki, ule wa kubebea chakula cha shule. Ndani yake kulikuwa na vifuko, kila kimoja kimelazwa juu ya pamba.

"Aliniletea huu mkebe akaniomba nimwekee mpaka mama yake afike," akaniambia. "Nikamuuliza mama anakuja lini. Akasema hajui, ndiyo maana anawaweka kwa friji."

Nilikaa juu ya kreti ya soda. Nililia pale dukani kama mtu aliyefiwa, na mteja aliyekuja kununua sabuni akaondoka bila sabuni. Mtoto alikuwa amefikiri yote hayo peke yake. Kama baridi ya Julai inachelewesha, baridi ya friji itachelewesha zaidi. Na wadudu wasipopata mabawa, mama yake hajasema uongo. Hakuwa ananificha mimi. Alikuwa anamfichia mama yake aibu.

Mama wa duka aliniuliza kama nitachukua mkebe niende nao. Nilifikiri nitamwambia nini mtoto. Kwamba wadudu wanahitaji kutoka? Kwamba mama yake alisema tu vile watu wanavyosema wakiwa na haraka? Nilimwambia auache palepale. Akauacha, na kila nilipopita dukani alinionyesha kwa kichwa kwamba bado upo, nami nikaitikia kwa kichwa, sisi wanawake wazima wawili.

Halafu simu ikaja. Namba ngeni, asubuhi, mtoto akiwa anakunywa chai kabla ya shule. Niliposikia sauti ya binti yangu nilishika ukuta. Alikuwa hai. Alitoroka nyumba ile, akasema, mengine atanieleza akija. Alikuwa mahali na wasichana wengine wanaosubiri karatasi za kusafiria, na simu si yake, kuna foleni. Hajui atasafiri lini. Nisilie. Nikamwambia silii, na nilikuwa nalia.

Nikampa mtoto simu. Alifuta mdomo kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya kutuliza, ile ninayotumia mimi ng'ombe akiwa na uchungu wa kuzaa, "Mama, usiwe na haraka. Wale wadudu nimewasimamisha."

Nilikuwa nimesimama karibu, na simu ilikuwa na sauti kubwa. Nilimsikia binti yangu vizuri.

"Wadudu gani?" akauliza.

Simlaumu. Mtu aliyeruka ukuta wa tajiri wake usiku na viatu mkononi hawezi kukumbuka beseni la viwavi. Lakini nilimwona mtoto. Hakulia wala hakueleza. Alinirudishia simu, akamalizia chai yake mpaka kwenye majani, akasuuza kikombe, akaenda shule.

Wiki hiyo stima ilipotea. Kwetu stima ikipotea mvua ikiwa inanyesha, unawasha koroboi na kusahau habari yake, kwa sababu nguzo imeanguka mahali na hakuna anayekuja leo. Mama wa duka aligawa maziwa yake kabla hayajaharibika, na friji akaifunga tu. Iliporudi ndipo alipokumbuka mkebe. Alimtuma mtu atuite, nasi tukashuka pamoja, mimi na mtoto. Alikuwa ameuweka juu ya kaunta, hajaufungua. Alitazama pembeni akasema, "Mnisamehe."

Mtoto aliufungua. Kulikuwa na joto la kutosha ndani ya ile friji iliyozimika. Walikuwa wametoka. Kipepeo akitoka lazima ajitundike mahali, mabawa yaning'inie na kunyooka kabla hayajakauka, na ndani ya mkebe uliofungwa hakuna mahali pa kujitundika. Walikuwa wamekaukia humo wakiwa wamekunjamana, mabawa yamejikunja kama karatasi iliyofinywa. Wengine walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa bado wanatembea, wakiyaburuta.

Mtoto aliwatazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nilikuwa hata nimetayarisha maneno, kwamba tutawatafuta wengine, kwamba senetwet haijaisha. Hakunipa nafasi. Alimshukuru mama wa duka, akafunga mkebe, tukapanda nyumbani. Alipofika uwanjani aliufungua akawamwagia kuku.

Niliogopa kuliko siku niliyokuta kufuli Bomet. Kuanzia siku hiyo hakuniuliza tena habari za mama yake. Simu ikilia hakunyanyua kichwa. Kwenye maombi ya jioni, alipokuwa akifika kwenye "mrudishe mama" alianza kupita moja kwa moja kwenye "bariki chakula". Nilijaribu kumrudisha. Nilimwambia mama yu hai, anakuja, ni karatasi tu. Aliniambia sawa. Alikuwa mtoto mzuri kupita kiasi, anafagia uwanja bila kupigiwa kelele, na mimi nilitamani anibishie kama zamani.

Binti yangu alikuja tukiwa tunavuna mahindi. Hakutoa habari. Alishuka kwenye boda akiwa na begi moja, amekonda, mkono wa kushoto haunyooki vizuri. Nilitupa hindi nililoshika nikamkimbilia na matope yangu yote, nikamshika uso, nikamshika mkono ule, nikalia mpaka jirani akaja kuona kama kuna msiba. Mursik haikuwepo. Ile niliyoiweka mwezi wa sita tulikuwa tumeshainywa wenyewe kabla haijaharibika, na sikuweka nyingine kwa sababu niliogopa kuweka. Nikachemsha chai.

Mtoto alirudi kutoka shule akamkuta mama yake sebuleni. Alisimama mlangoni kidogo. Kisha akaingia, akanyoosha mkono, akasema "Chamgei" kama tunavyowafunza watoto kuwasalimia watu wazima. Mama yake alimvuta akamkumbatia, akambusu kichwa, akilia na kucheka, na mtoto akakubali kukumbatiwa, mikono yake imening'inia. Alipoachiliwa alienda kuleta kiti kizuri, akakipangusa kwa pindo la sweta, akamkaribisha. Alimletea maji ya kunawa. Alimpa chai kwa mikono miwili, akauliza kama sukari inatosha. Binti yangu alinitazama juu ya kichwa cha mtoto akaniambia nimemlea vizuri, nimemfunza adabu.

Nilienda jikoni kuongeza kuni. Mtoto akanifuata, akanisogelea ili asisikike.

"Kogo," akaniuliza, "mgeni analala, ama nimsindikize kabla mvua haijaanza?"

Jiko langu na sebule vimetenganishwa na mbao tu, na mbao zenyewe zina nafasi. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Nikamwambia mtoto kwamba analala, kwamba yule si mgeni, ni mama yake, na hapa ni kwake. Aliitikia vizuri. Kisha akauliza ni kwa siku ngapi, ili ajue kama atandike godoro la wageni au walale pamoja. Nikasukuma kuni ndani zaidi, na upande wa pili wa mbao binti yangu hakukinyanyua tena kile kikombe.